Magunia ya Shangazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Shangazi anafunga chumba cha kuchanganyia chakula cha kuku na kukabidhi funguo. Katibu wa jarida letu la wafanyakazi ameniomba niandike ukurasa wa kumuaga. Amesisitiza niweke mambo ya kufurahisha tu, nisichokonoe yaliyopita. Nimemwitikia ndiyo, ndiyo, ingawa anajua vizuri mdomo wangu ulivyo. Hayo yaliyopita ndiyo sababu mimi nipo hapa kuandika, kwa hiyo atanisamehe.

Kwa wale wageni wa shamba hili, mimi ndiye mtu wa maji. Nasafisha matangi, nazibua mabomba, nahakikisha kila kuku anakunywa. Nyumba ninayoishi na mke wangu na watoto, ile iliyo nyuma ya tangi kubwa, ni nyumba ya kazi. Kazi ikiisha, nayo inaisha. Kuna wakati nyumba hiyo ilibaki kidogo sana ituponyoke, pamoja na jina langu. Aliyezuia ni huyu tunayemuaga, na alilipia. Nitafika huko.

Shangazi aliingia hapa akiwa msichana wa kupanga mayai kwenye trei. Akahamia chumba cha kulelea vifaranga, akaenda kusomea lishe ya mifugo akiwa na mimba ya mtoto wa pili, akarudi na cheti mkononi na mtoto mgongoni. Ndipo akapewa chumba cha chakula. Jina lenyewe lilitoka kwa binti wa kaka yake, aliyefanya kazi hapa kwa msimu mmoja na kumwita hivyo mbele za watu bila aibu. Binti aliolewa akaondoka, jina likabaki. Leo hata meneja, aliyemzidi umri, anamwita Shangazi, naye anaitika bila kutabasamu. Asiyemjua hudhani ana hasira. Hana hasira, ana haraka.

Kila mtu ana ugonjwa wake, na wa Shangazi ni kutotupa kitu. Uzi unaofumuliwa kwenye midomo ya magunia aliuokota wote, akausuka kamba, akatugawia. Banda la nne hufungwa kwa kamba yake mpaka leo. Kwangu alileta ndefu, mke wangu akaifanya ya kuanikia nguo. Gunia tupu lilikuwa aproni, pazia, zulia la mlangoni, kifuniko cha pikipiki ya daktari mvua ikinyesha. Ukitupa gunia mbele yake ulikuwa umejitafutia maneno ya siku nzima. "Gunia halitupwi," alikuwa anasema, na sisi tulikuwa tunamwigiza akishageuka. Naomba mlikumbuke hilo gunia.

Miaka ile chakula chote cha shamba kilitoka na antibayotiki ndani yake. Hatukuwa tunatibu ugonjwa wowote, kuku walikuwa wazima. Dawa iliwekwa kama watu wanavyoweka chumvi kwenye mboga, kila mchanganyo, kwa sababu kuku walinenepa upesi na meneja alikuwa na amani. Halafu kundi moja la kuku wa nyama likaanza kuhara na kuzubaa pembeni mwa banda. Dawa ile ile tuliyowalisha tangu wakiwa vifaranga haikuwasaidia kitu. Tuliwazoa kwa toroli.

Daktari wetu wa mifugo ni dada mpole, anayeongea taratibu hata mambo yakiharibika. Alitukalisha akatuambia bila kuzunguka. Vijidudu vya mabanda yetu vimeizoea dawa, na vijidudu vya namna hiyo vinaweza kumfikia binadamu, na siku binadamu atakapoihitaji dawa hiyo akiwa kitandani, itamgomea. Shangazi aliuliza swali moja tu: na sisi tunaokishika chakula hiki kwa mikono? Daktari akasema na nyinyi pia. Wiki iliyofuata alikuja kazini na mfuko wa kitunguu saumu.

Msidhani mambo yalinyooka. Mchanganyo wa kwanza ulikuwa na kitunguu saumu kingi mno. Kuku walionja, wakageuza vichwa, wakatutazama kama wakwe waliopewa uji wa jana. Akapunguza. Akaongeza tangawizi kavu, manjano, na majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini na kusagwa. Pamoja na daktari alichambua majani yapi yana kazi kweli na yapi ni maneno ya watu. Wakapunguza idadi ya kuku katika kila banda, wakafungua madirisha, wakahakikisha chanjo hazipiti siku zake, wakanibana mimi koo kuhusu usafi wa maji. Maranda ya chini yakawa yanabadilishwa yakilowa tu, hayangoji kunuka.

Na ole wako uyaite majani yake uganga. Majani yanalisaidia tumbo la kuku mzima libaki zima, ndivyo alivyotufundisha. Kuku akiumwa kweli, daktari anamtibu kwa dawa kweli, na kuku huyo hauzwi kama kuku wa majani. Nyumbani, mzee wake alilalamika kwamba mke wake ananuka kitunguu hata akitoka kuoga, akahamia upande wa dirisha. Mzee aliyasimulia hayo mwenyewe, kwa kipaza sauti, kwenye harusi ya binti yao. Tulivunjika mbavu, Shangazi akamkata jicho moja, mzee akakaa chini.

Banda moja la majani likawa mawili, mawili yakawa manne. Kisha akaja mnunuzi anayepeleka kuku kwenye majiko ya hospitali. Alitaka nyama isiyo na mabaki ya dawa, na hakutaka kuambiwa kwa maneno, alitaka maabara iseme. Meneja aliweka matumaini yote ya shamba kwa mtu huyo. Akaachana na mnunuzi wa zamani, akatutangazia kwamba tukimkosa huyu mpya, mabanda mengine yatafungwa. Sampuli ya kwanza ya nyama ikaenda maabara. Wote tukasubiri huku tukijifanya hatusubiri.

Majibu yaliporudi, antibayotiki ilikuwamo.

Daktari hakuwa amemtibu kuku yeyote wa mabanda yale, kwa hiyo kila mtu akaamua kwamba kuna mkono wa siri. Na kwenye shamba la kuku, ukitaka kumpa kuku dawa bila kuonekana, unaitia kwenye maji. Macho yakanigeukia. Ufunguo wa matangi ulikuwa shingoni mwangu. Tena siku chache kabla, nilipookota kuku waliokufa banda la tatu, nilikuwa nimesema mbele ya watu, kwa mdomo wangu huu huu, kwamba haya majani yatatumaliza, dawa ilikuwa na ubaya gani. Ufunguo na mdomo vilitosha, hakuna aliyetafuta ushahidi mwingine.

Meneja alinitoa kwenye maji siku hiyo hiyo, akanipa ufagio wa uani. Mnunuzi alikuwa amekubali sampuli ya pili, ya mwisho. Meneja akaniambia kwamba sampuli hiyo ikirudi safi wakati mimi siko kwenye maji, basi jibu limepatikana, nifungashe. Hebu fikirini hesabu hiyo. Nikiliombea shamba mema, najiombea kufukuzwa. Nikijiombea mema, nawaombea wenzangu mabanda yafungwe. Nilifagia uani mpaka udongo ukaonekana mwekundu, na sikujua niombe nini.

Wenzangu tuliozoea kula pamoja wakawa wanashiba haraka kila nikikaa. Mke wangu hakuniuliza hata siku moja kama niliweka. Alianza tu kukunja nguo za watoto na kuzipanga kwenye sanduku, akasema anapunguza msongamano wa kabati. Nilimwacha apunguze. Niliumia sana, sitaficha.

Shangazi hakuja kunibembeleza. Alinifuata uani akasimama mbele ya ufagio akaniuliza, "Uliweka?" Nikamjibu sikuweka. Akanitazama machoni mpaka nikaona haya bila kosa. Akasema, "Haya," akaondoka. Neno hilo nilitembea nalo kutwa nzima. Sikujua kama ameniamini au ameshanizika. Baadaye sana aliniambia kwamba siku ile hata yeye hakujua.

Daktari naye hakukaa bure. Alipima maji, yakawa safi. Meneja akasema bila shaka niliosha matangi. Akapima chakula kabla hakijatiwa majani, nacho kikawa safi. Hakuna aliyefikiria kupima majani. Nani angeyashuku majani, wakati yalikuja kuiondoa dawa?

Sasa niwaeleze yalivyokaushwa. Yalitandazwa sakafuni, kivulini, juu ya magunia yaliyopasuliwa. Magunia hayo yalitoka upande wa pili wa shamba, kwa kuku wachanga wa mayai, ambao bado walikuwa wanalishwa kwa mtindo wa zamani, chakula chenye dawa. Shangazi aliyageuza ndani nje kwa ajili ya usafi, maana hakutaka wino wa maandishi ushike majani. Aliyakung'uta vizuri, ila hakuyafua, kwa sababu gunia lenye unyevu linaotesha ukungu. Kwa hiyo majani yetu yalikuwa yanalala upande ule ule uliokuwa umebeba dawa, na vumbi lake limeng'ang'ania kwenye nyuzi. Mtu mvivu asingefanya kosa hilo. Angenunua turubai jipya akaenda zake.

Aligundua mchana, mimi nikifagia, mlango wa chumba cha majani ukiwa wazi. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gunia mapajani, ameshika tama, amevaa sketi yake nyeusi. Aliposimama akajipangusa sketi. Akasita, akapangusa tena. Majani ya mlonge yanaacha rangi ya kijani, na ile sketi ilikuwa na unga mweupe. Akanusa kiganja. Akaligeuza gunia akasoma maandishi ya nje. Akainama akageuza la pili, na la tatu. Ufagio wangu ulisimama bila mimi kuusimamisha.

Mjue kilichokuwa mbele yake. Meneja alishasema wazi kwamba akisikia kosa limetokana na majani, atayatupa yote na chumba atakifunga. Majani yale yalikuwa jasho la Shangazi, yeye ndiye aliyeyaanzisha alipokuwa anachekwa na watu wakiwemo hao kuku wenyewe. Na njia rahisi ilikuwapo. Angechoma magunia, akatandika kitu kingine, akakaa kimya. Sampuli ya pili ingerudi safi. Majani yangesifiwa, mnunuzi angeridhika, meneja angepata mkosaji wake, na mkosaji angekuwa mimi. Hakuna ambaye angejua. Mimi mwenyewe nisingejua, ningeondoka hapa nikidhani nimelogwa.

Alitoka na magunia yote mikononi, yamemfika kidevuni. Akanipita bila salamu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye shimo la kuchomea takataka, na moto ulikuwa unawaka kama mchana wowote. Akasimama ukingoni. Wakati ule sikuelewa ninachokiona. Nilimwona tu mama ambaye gunia kwake halitupwi, amebeba rundo la magunia mbele ya moto, naye hatupi wala haondoki. Alisimama mpaka moshi ukamkohoza.

Nimemuuliza mara nyingi alikuwa anawaza nini pale. Mara ya kwanza alinifukuza. Mara ya mwisho, mwezi uliopita, alinijibu. Asubuhi ya siku ile alikuwa amepita kwetu kurudisha ungo, akakuta sanduku la watoto sebuleni limeshafungwa. Mke wangu alikuwa ameanua nguo, akaifungua ile kamba ya kuanikia, akalifungia sanduku. Shangazi alisema pale kwenye moto aliiona kamba yake mwenyewe, aliyoisuka kwa mikono yake, ikifunga vitu vya watoto wangu. Ndipo akageuka akaenda ofisini.

Ofisini walikuwamo meneja, daktari na mnunuzi, na haya niliyapata kwa daktari. Shangazi hakubisha hodi. Alibwaga magunia mezani juu ya makaratasi yao, unga ukaruka mpaka kwenye koti la mnunuzi. Akasema, "Kwanza mtu wa maji arudi kwenye maji yake. Mengine tuongee." Halafu akayaongea yote, tangu kuyageuza magunia mpaka sketi. Daktari anasema kilichomshangaza ni kwamba katika maelezo yote yale Shangazi hakutumia neno "sisi" hata mara moja. Majani yalipopimwa, dawa ilikutwa humo, kama alivyosema.

Mnunuzi aliondoka bila kumaliza chai. Mabanda mawili yalifungwa, chumba cha majani kikatiwa kufuli, na Shangazi, mwenye cheti chake na mvi zake, akarudishwa kwenye trei za mayai alikoanzia. Wapo waliomnunia kwa ajili ya yale mabanda. Wapo waliomwambia usoni kwamba angenyamaza tusingefika hapo. Hicho ndicho kipindi ambacho katibu wetu hakutaka nikiguse. Nimekigusa, kwa sababu ndicho kipindi nilichomheshimu kuliko vyote. Alipanga mayai msimu mzima akiwa kichwa juu, akalalamika kwamba tangu ujana wake mayai yamepungua ukubwa na wapangaji wamepungua akili.

Nilikwenda kumshukuru pale pale penye trei. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njiani, ila hakuningoja niyaanze. Aliniangalia akasema tangi la banda la pili lina utelezi, nikalisugue. Nikaenda kulisugua. Kweli lilikuwa na utelezi.

Daktari ndiye aliyemng'ang'ania meneja mpaka akakubali kuanza upya na banda moja. Safari hii dawa iliondolewa pia kwenye chakula cha wale kuku wachanga wa mayai, ili shamba zima lisiwe na gunia la kuogopa. Majani yakakaushwa juu ya mashuka meupe yanayofuliwa na kuanikwa juani. Mashuka ya kwanza aliyaleta mzee wake kutoka kitandani kwao, akasema yalishanuka kitunguu saumu siku nyingi, hakuna hasara. Sampuli ya banda lile ikarudi safi. Iliyofuata, safi. Mnunuzi hakupiga simu wala hakusifu mtu. Asubuhi moja gari lake lilisimama tu langoni likiwa na makreti matupu, na meneja akatoka mbio kulipokea akiwa na kiatu kimoja. Leo mabanda yote yanakula majani, isipokuwa lile dogo la wagonjwa, ambalo ni la daktari na dawa zake.

Gunia moja kati ya yale halikuchomwa. Shangazi alilitundika ukutani chumba cha majani, ndani kukiwa nje, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Mfanyakazi mpya akifika, kabla hajapewa aproni, anasimamishwa mbele yake na kuambiwa, "Hili ni kosa langu," kisha anasimuliwa lote. Nimemsikia akiyasema hayo mbele ya wanafunzi, mbele ya wakaguzi, na mara moja mbele ya mkwe wake aliyekuja tu kumsalimia.

Juzi alinifuata kwenye chumba cha maji. Akataka kujua ni nani atakayewasimamisha wageni mbele ya gunia yeye akishaondoka. Nikamwambia ni mimi. Akauliza nitasema ni kosa la nani. Nikamjibu kwamba nitalitaja kosa ni la nani, sitalipaka rangi, halafu nitamtaja aliyelibeba kutoka kwenye moto akaliweka mezani, na kwamba ni mtu mmoja. Alinitazama machoni kama siku ile ya ufagio. Akasema, "Haya." Safari hii sikuwa na wasiwasi nalo.

Shangazi, kwa niaba ya chumba cha chakula, mabanda yote, daktari, meneja na kiatu chake, ahsante sana. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na jogoo wa mtu, wajukuu wasiotupa vitu, na mzee wako arudi upande wake wa kitanda. Ukituhitaji tuite, na usipotuhitaji njoo tu utukaripie, tutakukosa sana. Pale kwetu nyuma ya tangi, sanduku liko juu ya kabati, halina kitu ndani. Kamba yako iko uani, na leo asubuhi nimeiacha imejaa nguo za watoto.